Ndege Ilianguka Wapi? Kumtafuta Ndugu Aliyekufa Vitani Angani

Wengi wanaokuja kwetu hapa Nairobi kumtafuta ndugu aliyekufa katika ndege ya mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia huja na jibu tayari: alitunguliwa na Waitaliano. Huenda. Lakini Waitaliano walisalimu amri Gondar, Ethiopia, mnamo Novemba 1941, na ndege ziliendelea kuanguka Kenya baada ya hapo. Anza na tarehe ya kifo.

Ikiwa ni 1942, fikiria Nakuru. Huko Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa na kikosi namba 70 cha mafunzo, ambako vijana walijifunza kurusha ndege za mabomu aina ya Blenheim. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na kote kuna milima: Menengai, Mau, Aberdare. Mwanafunzi akiingia kwenye wingu hapo, adui hahitajiki. Familia nyingi hazipendi kusikia hivyo, lakini aliyekufa mafunzoni anahesabiwa miongoni mwa waliokufa vitani kama wenzake wote.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure mtandaoni. Nakili namba ya jeshi ya ndugu yako, kikosi na kaburi, kisha tafuta wengine waliokufa siku hiyohiyo katika makaburi hayo. Blenheim ilibeba watu watatu: rubani, mwongoza njia, na mshika redio ambaye pia alikuwa mpiga bunduki. Ukipata majina matatu ya tarehe moja, yaelekea umewapata wafanyakazi wa ndege nzima.

Hapo ndipo watu hukwama. Wanafungua shajara za skwadroni, yaani vikosi vya ndege vya mapigano, katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, kundi la AIR 27, hawaoni kitu, wanakata tamaa. Vikosi vya mafunzo havimo humo; viko AIR 29. Majalada ya vifo na majeruhi yako AIR 81, nayo kadi ya ajali, Fomu 1180, iko katika Makumbusho ya Jeshi la Anga, London. Kadi ni fupi na kavu, wakati mwingine hata kali kwa rubani, ila hueleza chanzo cha ajali.

Asiyepatikana mwili usimtafute kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Wanajeshi wa anga waliopotea Afrika Mashariki bila kaburi wameandikwa kwenye ukumbusho wa Alamein, Misri. Na kama babu yako alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza la Afrika Mashariki) aliyepanda kama abiria tu, mtafute kwa kikosi chake cha nchi kavu. Jaribu tahajia kadhaa. Makarani wa jeshi waliandika majina yetu walivyoyasikia.

Hapa nyumbani, soma ripoti za wakuu wa wilaya katika Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue, kisha waulize wazee wa eneo lenyewe. Wakikuonyesha mabaki, piga picha ya namba yoyote iliyosalia. Namba ya ndege za Uingereza za wakati huo ni herufi moja na tarakimu nne, au herufi mbili na tarakimu tatu. Usichimbe wala usiondoe kitu: risasi na mabomu ya zamani bado hulipuka, na huenda pana mifupa. Mjulishe chifu na polisi.