Je, wajua kwa nini karani hufundishwa kulifunga daftari leo na kulifungua kesho?

Katika ukumbi mmoja wa mafunzo hapa Lamu, karani wa masjala, mama mtu mzima aliyeshika mafaili kwa zaidi ya miaka ishirini, aliinua mkono akauliza: “Maalim, mwaka jana mlitwambia karatasi ya mtu isitoke. Mwaka huu mwatwambia mtu akija kuomba karatasi tumpe. Sasa nishike lipi?”

Wenzake walicheka. Mkufunzi hakucheka. Alimjibu kwa swali: “Umpe nani, Bi, na karatasi ya nani?”

Swali lile la mkufunzi limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Naona ndimo ilimo sababu yenyewe ya kuwakalisha wafanyakazi darasani kufundishwa sheria za data na za habari. Watu wengi hudhani mafunzo haya ni ya vijana wa kompyuta, kwamba neno data ni bando za simu na ulinzi wake ni nywila ngumu. Sheria ya Kenya inakusudia jambo jingine kabisa. Data ya mtu ni habari yoyote inayomhusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika, hata ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye daftari lililochakaa.

Bi Karani alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa, kwani sheria zenyewe ni mbili na zote zimezaliwa na Katiba ya 2010. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu faragha: habari za familia yake na mambo yake ya ndani zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja. Ukihesabu vifungu vinne mbele unafika cha 35, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hicho cha 35 kilizaa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Kile cha 31 kilizaa Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. (Jirani zetu Tanzania walipitisha sheria yao ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022.)

Tuanze na ile ya kufunga, yaani ya ulinzi wa data, kwa maana ndiyo inayovunjwa kila siku bila mtu kujua kwamba ameivunja.

Ingia gesti yoyote ya Langoni au Shela. Kaunta ina daftari la wageni: jina, nambari ya kipande au pasipoti, simu, umetoka wapi, unakwenda wapi, chumba namba ngapi. Mara nyingi daftari liko wazi, kalamu imefungwa uzi, na anayefika saa tatu anasoma walioingia saa mbili. Nenda kwa wakala wa pesa za simu, utakuta daftari jingine la namna hiyo hiyo. Binti anatoa pesa asubuhi, na jioni anapata ujumbe wa mapenzi kutoka kwa mtu asiyemjua. Hakuna mdukuzi aliyeingia kwenye mtambo. Namba yake ilisomwa na aliyesimama nyuma yake kwenye foleni.

Kuna na lile la pasipoti, ambalo kwetu limekuwa jambo la kawaida kwa ajili ya jiografia yetu. Mgeni anashuka kiwanja cha ndege cha Manda, na lazima avuke kwa boti. Karani wa hoteli anapiga picha ya pasipoti kwa simu yake mwenyewe, anaitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya kazini ili wa boti ajue nani wa kumpokea. Mgeni anapokewa vizuri, anakula samaki wake, anarudi kwao. Picha inabaki kwenye simu kumi na tano. Mwaka unaofuata wawili kati ya hao kumi na tano wameacha kazi, na pasipoti ya mtu imeondoka nao. Kila mmoja alikuwa anafanya kazi yake kwa nia njema, na hapo ndipo ninapoona umuhimu wa darasa: nia njema haikumwambia mtu yeyote kwamba picha ile ilipaswa kufutwa jioni ile ile.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika kila ofisi kata ni yule wa kaunta, wa langoni, wa masjala, anayefagia meza zikiwa na karatasi juu. Basi sheria ya 2019 haikuishia kwenye mitambo. Miongoni mwa kazi ilizompa afisa wa ulinzi wa data katika taasisi ni kuwajenga kiujuzi wafanyakazi wanaoshughulika na data za watu. Biashara ndogo, yenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, afisa wa serikali anayeisimamia sheria hiyo, lakini msamaha huo hauzifikii shule, huduma za afya wala hoteli. Ukitazama uchumi wa Lamu na Malindi, utaona nani amebaki ndani ya wavu.

Na wavu huo umeshavua. Septemba 2023 Kamishna wa Data alizitoza faini taasisi tatu kwa mkupuo. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu moja ya starehe ilitozwa 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Kampuni ya mikopo ya simu ililipishwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwingine ili kuwasumbua. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoibiwa data. Zilizitumia zenyewe, kupitia mikono ya watu wao.

Lililo gumu zaidi kufundisha, kwa maoni yangu, ni saa 72. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, taasisi ina saa 72 tangu ijue kumwarifu Kamishna. Ikiwa anayeshika data hizo ni kampuni iliyokodiwa kuzichakata tu, yeye ana saa 48 kumwarifu aliyemkodi. Sasa fikiria nani hujua kwanza. Si mkurugenzi aliyeko makao ya kaunti, Mokowe. Ni kijana aliyeacha flashi kwenye kiti cha boti, au dada aliyetuma orodha ya mishahara kwa grupu isiyo yake. Na mtu huyo jambo la kwanza analoliwaza ni mshahara wake. Atanyamaza leo, atanyamaza kesho, akitumaini flashi itaonekana. Mafunzo mazuri hutumia muda mwingi hapa: kumhakikishia mfanyakazi kwamba kusema mapema kunaokoa, na kumhakikishia bosi kwamba akimfokea wa kwanza kusema, wa pili hatasema. Mafunzo mabaya husoma kifungu cha faini na kwenda kunywa chai.

Kinachonipa moyo ni kwamba watu wa Amu, yaani Lamu, hawahitaji kuelezwa faragha ni nini. Nyumba zetu za mawe zilijengwa juu yake. Mgeni huishia dakani, kwenye baraza za mlangoni. Aliye karibu zaidi hupita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, hadi kiwanda, yaani ua wa ndani. Jamaa hufika msana, ukumbi mrefu unaoelekea ua. Ndani kabisa, kwenye zidaka za ukutani, hafiki ila mwenye haki ya kufika. Na milango haikupangwa kwa mstari mmoja, ili mpita njia asitupe jicho kutoka mtaani hadi ndani. Mkufunzi anayejua kazi yake huichora nyumba hiyo ubaoni na kuuliza: namba ya chumba cha mgeni ikae sehemu gani? Majibu ya vipimo vya damu yakae chumba kipi? Sheria yenyewe inayo “ndani” yake. Afya, imani, kabila, alama za vidole, hali ya ndoa, mali, majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa ndoa, hizo inaziita data nyeti, na ulinzi wake ni mkali zaidi.

Hata neno kipande, tunalolitamka kila siku tukimaanisha kitambulisho, lina kidonda chake. Kipande cha kwanza kilikuwa cha mkoloni: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi walilazimishwa kutembea nacho, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kilikuwa na alama za vidole, na humo mwajiri aliandika mtu amefanya kazi wapi na kwa ujira gani. Kiliondolewa mwaka 1947. Babu zetu walijua mapema mno uzito wa habari za mtu zikiwa mikononi mwa mwajiri.

Sasa turudi kwenye nusu ya pili ya swali la Bi Karani.

Mfanyakazi akifundishwa kufunga peke yake, hufunga kila kitu. Nimeshuhudia mzee mmoja akiuliza mradi wa maji wa mtaa wake umegharimu kiasi gani, akajibiwa kwamba hiyo ni data, haitolewi. Jibu hilo ni kosa, tena linaniuma kuliko daftari lililoachwa wazi. Gharama ya mradi wa umma si siri ya mtu yeyote. Chini ya sheria ya 2016 mwananchi anaweza kuandika ombi lake kwa Kiswahili au Kiingereza, kuomba hakulipiwi, na hadaiwi ila gharama ya kutoa nakala. Afisa ana siku 21 kumjibu, na ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Akikataliwa, anakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama afisi ya Ombudsman.

Lamu ina sababu yake ya kuijua haki hiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu, sehemu ya mpango wa LAPSSET wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulivunja haki za wakazi, ikiwemo haki ya kupewa habari, na ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi zote mbili ziligusa karatasi ambazo zilipaswa kuwekwa mbele ya watu mapema.

Basi kazi iliyobaki ya darasa ni kumfundisha mtu kutenganisha, na mara nyingi vya kutenganishwa vimo katika ukurasa mmoja. Siku ile mkufunzi alimpa Bi Karani karatasi tatu za kuigiza. Ya kwanza ilikuwa bajeti ya kukarabati jeti, yaani gati la boti. Akasema itoke. Ya pili ilikuwa cheti cha hospitali cha mfanyakazi mwenzake. Akaigeuza kifudifudi kabla hajasema neno. Ya tatu ilikuwa orodha ya wanafunzi waliopata basari: jina, shule, wadi, kiasi, na mwisho safu iliyoandikwa “sababu”. Humo mlikuwa na yatima, mama mgonjwa, baba yuko jela.

Hiyo aliishika muda mrefu. “Pesa ni za umma,” alisema, “watu wana haki kujua zimekwenda wadi gani. Lakini huyu mtoto, watamsoma wenzake.” Akaomba kalamu nyeusi, akaikata safu ya sababu na ya majina kutoka juu hadi chini. Mkufunzi alichukua ile karatasi, akaiinua dirishani, na kwenye mwanga maneno yote yalisomeka chini ya wino. Akamrudishia.

“Sasa itolee nakala, Bi, ubandike hiyo nakala. Hii yenyewe irudi kabatini.”