Tarakimu nne za tairi si tarehe ya kuisha muda

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai tarakimu nne za ubavuni mwa tairi ni mwezi na mwaka wa kuisha muda. Sivyo. Ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3222 ni wiki ya 32, mwaka 2022. Tumezoea vibandiko vya dawa, ndiyo maana 0824 husomwa Agosti 2024, kumbe ni wiki ya 8, yaani Februari.

Ili kuzipata tarakimu hizo, tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi. Tarakimu zisipoonekana, geuza upande wa pili. Tairi la miaka 5 likaguliwe nyufa kila mwaka. Likifika 10 litolewe, hata kama halijawa kipara, spea pia. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo: unawafanya watu wakatae tairi zima wakidhani limeisha muda.