Bunduki moja ya ghali au tatu za bei nafuu? Dhana potofu na ukweli

Minada ya korosho ikianza na malipo yakaingia, maongezi ya vijiweni Masasi, Nachingwea na Liwale, kusini mwa Tanzania, hubadilika: pikipiki, mabati, kiwanja. Kwa wachache waliochoka kukesha shambani wakipiga madebe kufukuza nguruwe pori kwenye mihogo, zamu hii ni bunduki. Ubishi huanzia hapo. Ununue moja ya maana, au pesa hiyohiyo uigawe upate mbili tatu za kawaida? Hoja nyingi zinazotolewa, za pande zote mbili, hazina ukweli.

"Ya ghali inapiga mbali zaidi."

Chukua shotigani ya Purdey wa London, kampuni iliyoanza 1814, uiweke kando ya Baikal ya Urusi. Zote namba 12 (kipimo cha upana wa mtutu), mitutu ina urefu sawa, risasi za boksi moja. Nguruwe aliyesimama mita 30 hatajua kapigwa na ipi. Bei ya Purdey mpya, inayovuka pauni laki moja, inalipia mti wa walnati uliochaguliwa, nakshi kwenye chuma na miezi mingi ya mikono ya fundi. Sisemi pesa hainunui kitu: chuma bora hakilegei hata baada ya maelfu ya risasi. Ila mkulima anayefyatua chache kwa msimu atazeeka kabla bunduki ya kawaida haijachoka.

Shabaha inategemea zaidi kitako, na hili wauzaji hawalisemi sana. Hakikisha bunduki haina kitu ndani, ielekeze upande usio na mtu, fumba macho, ipandishe begani mpaka shavu liguse mti, kisha fumbua. Jicho likitiririka juu ya mtutu hadi kwenye shanga ya mbele, kile kitone cha kulengea, imekukaa. Ukiona chuma cha nyuma tu, kitako kiko chini mno kwako, na utakosa hata kama umelipa mamilioni.

"Tatu ni akiba, moja ikiharibika zipo mbili."

Hii ndiyo inayoponza wengi, kwa sababu inaingia akilini haraka. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kila silaha ina namba yake na leseni yake. Maombi huanzia kwa viongozi wa kijiji na kupanda hadi polisi, na anayeomba ya tatu ataulizwa ya tatu ni ya nini. Zote zinahitaji sefu. Zote zinahitaji mafuta na kitambaa, maana hewa ya chumvi ya Mikindani au Kilwa Masoko haibagui bei. Ukiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi uvunguni, ngozi inashika unyevu na kutu inaanza upande usiouona.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Ukiwa na shotigani namba 12 na nyingine namba 20, risasi zitakuja kuchanganyika, leo au kesho. Ya namba 20 ni nyembamba: ukiitia kwenye mtutu wa 12 inateleza, inapita chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) na kukwama mbele. Ukichungulia haraka unaona chemba tupu, unadhani hukuweka kitu, unatia ya 12 nyuma yake. Ukifyatua, mtutu unapasuka karibu kabisa na mkono ulioushika. Ndiyo maana viwanda vingi vimezoea kuzipa za 20 rangi ya njano. Mwenye kulazimika kuwa na mbili, basi zote ziwe za namba ileile.

Kuna wanaohitaji mbili kweli, mfano anayepiga kanga kwa leseni na pia kuwinda wanyama wakubwa. Kwa tembo na nyati kanuni zinataka raifo yenye mtutu wa upana usiopungua inchi .375, kazi ambayo shotigani haiwezi. Hao ni wachache, na wanajijua.

"Gobole ni la kienyeji, halihesabiki."

Linahesabika. Ni silaha kama nyingine, na bila leseni ni kosa. Polisi wakitangaza kipindi cha kusalimisha kwa hiari, lipeleke.

"Nikishapata leseni ya bunduki, nawinda."

Hapana. Kuwinda kunahitaji kibali kingine chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Na tembo anayetoka upande wa Selous kuja kwenye mahindi yako usimpige kwa shotigani; utamjeruhi tu, naye atamalizia hasira kwa jirani. Mwite afisa wanyamapori, na uharibifu uandikwe mapema, kwa sababu kifuta jasho hakitolewi kwa maneno matupu.

"Ya ghali ni urithi wa watoto."

Chuma kinaweza kudumu vizazi, lakini leseni ni ya mtu mmoja. Mwenyewe akifariki, silaha inapelekwa polisi, na mtoto anayeitaka anaomba upya kwa jina lake, naye anaweza kukataliwa. Marehemu akiacha tatu, ni maombi matatu.