JDM maana yake nini? Sio kila gari la Mjapani

Kuna neno watu wanalirusha rusha sana siku hizi, JDM. Mtu ana Subaru kaifunga egzosi inayoamsha mtaa mzima anakwambia hii JDM bana, mwingine kabandika stika ya maandishi ya Kijapani ambayo hata hajui yanasema nini, na yeye anajiita JDM. Sio hivo.

Hizo herufi tatu ni kifupi cha Kiingereza, Japanese Domestic Market, na maana yake ni soko la ndani la Japani, basi. Yani gari lililotengenezwa ili liuzwe kwa Mjapani mwenyewe, lilipiwe kodi za kwao na lifuate sheria za kwao, haijalishi ni la spoti au la kubebea nyanya. Kwa hesabu hiyo ile Probox ya mnada inayotua Dar, redio inagota kwenye 90 na kila ukiwasha kuna mdada anakuongelesha Kijapani, ile ni JDM halali kabisa kuliko Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971.

Najua wa Safari mmeshanuna, ngoja nieleze.

Hiyo Z ilitoka mwishoni mwa 1969. Kwao Japani iliuzwa kama Nissan Fairlady Z na injini yake ilikuwa silinda sita ya lita 2.0, kwa sababu ukivuka cc 2000 kule enzi hizo kodi ilikuwa inaruka vibaya sana. Nje ndo ikaitwa Datsun 240Z, injini lita 2.4. Hata jina limebadilishwa na mtu, Yutaka Katayama aliyekuwa anaiongoza Nissan, wenye jina la Datsun, kule Marekani aliona jina la Fairlady halina ubavu wa kuuza gari la spoti kwa Wamarekani, beji zikang'olewa ikabaki 240Z. Sasa hiyo ya lita 2.4 Wajapani walianza kuuziwa Oktoba 1971, na Safari ile ilikuwa Pasaka, kwa hiyo Edgar Herrmann, dereva aliyeshinda, alikuwa anapasua matope ya huku na gari ambalo mtu wa Tokyo alikuwa hawezi kwenda dukani akalinunua. Ndo maana nasema ile ilikuwa toleo la nje, tena la nje haswa.

Ukiziweka mbili pembeni kwa pembeni utaona tofauti kabla hujafungua boneti. Ya Japani ina vioo vya kutazamia nyuma vimesimama mbele kabisa juu ya madigadi kama masikio ya panya, maana sheria yao ililazimisha hivo mpaka 1983, ya Marekani kioo kiko mlangoni. Ya Marekani ina vitaa vidogo ubavuni, na kufika 1974 ilipokuwa 260Z ikaanza kubebeshwa mabampa makubwa ya kupokea kugongwa, mi kwa maoni yangu ndo walipoiharibu sura. Wajapani wao walikuwa na vitu ambavyo nje havikufika, kuna Z432 iliyopewa injini ya S20 ile ya Skyline GT-R ya kwanza, namba 432 ni valvu 4 kila silinda, kabureta 3, kamshafti 2. Halafu 240ZG yenye pua ndefu, taa za mbele zimefunikwa na madigadi yameongezewa vipande vilivyofungwa kwa skrubu zinazoonekana wazi wazi, yani hawakuficha hata kidogo na bado inapendeza.

Kosa lingine ni kudhani JDM lazima iwe na nguvu zaidi. Mara nyingine ndiyo, Nissan Silvia S13 ya kwao ilipatikana na tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa zaidi, ila Mmarekani kwenye 240SX, ndo Silvia yake, akapewa lita 2.4 bila tabo, injini ya ukoo mmoja na ya pikapu. Lakini njoo kwenye Toyota Supra ya 1993, watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana toka 1989 kwamba hakuna atakayetangaza zaidi ya nguvu za farasi 280 na hiyo ikadumu mpaka 2004, kwa hiyo Supra tabo ya kwao ikaandikwa 280 na ya Marekani 320. Na haikuwa makaratasi tu, tabo za ya Japani zilikuwa na feni za seramiki, nyepesi zinawahi kuzunguka ila ukizisukuma sana zinavunjika, za nje zilikuwa za chuma.

Ukitaka kujua Z fulani ni ya wapi angalia namba ya chasisi, sio stika. S30 tupu ni ya Japani lita 2.0. PS30 ndo Z432, ukiiona ipige picha. HLS30 ni 240Z ya nje, usukani kushoto. Inayosumbua ni HS30, 240Z ya usukani kulia, maana hiyo iliuzwa Japani na Australia na Uingereza pia, na wajanja wanajua vioo vya madigadi vinanunulika na kufungwa jioni moja tu.