Uigaji wa kigunduzi: maana yake katika fizikia ya chembe

Mwanafizikia wa chembe akisema ameendesha uigaji wa matukio laki moja, yaani ameiga kwa kompyuta migongano laki moja ya chembe, wengi hudhani amekaa akatunga data. Neno lenyewe linachangia, maana kuiga kwetu ni kufuatisha cha mwenzako. Lakini bila kazi hiyo hakuna kipimo kutoka CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, ambacho mimi ningekiamini.

Kigunduzi ni chombo kinachozingira mahali chembe zinapogongana. CMS, kimojawapo cha vigunduzi vya CERN, kilichoko upande wa Ufaransa karibu na Geneva, kina urefu wa mita 21 na uzito wa tani 14,000, na kimewekwa mita 100 hivi chini ya ardhi. Mafungu ya protoni hupishana katikati yake hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Chembe zenyewe hazionekani. Zinazopatikana ni ishara za umeme: kipande hiki cha silikoni kimeguswa, fuwele ile imetoa mwanga. Mtafiti anaanzia kwenye ishara na kurudi nyuma hadi kwenye chembe. Uigaji unashika njia ya pili: unaanza na chembe inayojulikana, unauliza itaacha alama gani.

Chukua fotoni moja, yaani chembe ya mwanga, yenye nishati kubwa. Inaingia kwenye fuwele iliyotengenezwa kwa metali za risasi na tungsteni, angavu kama kioo lakini nzito kuliko chuma. CMS inazo zaidi ya 75,000. Ikishapenya kidogo, fotoni inageuka kuwa elektroni na positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Elektroni ikipita karibu na kiini cha atomu inapindishwa, inatoa fotoni nyingine, nayo inazaa jozi nyingine. Moja imekuwa mbili, mbili zimekuwa nne, mpaka yanakuwa manyunyu ya chembe yanayozimikia humo humo ndani, katika urefu wa sentimita 23.

Ni wapi hasa fotoni itageuka? Hilo halijulikani kabla. Fizikia inatupa uwezekano tu. Kwa hiyo kila hatua kompyuta inarusha dadu, yaani inachukua namba ya nasibu, kisha inaamua kulingana na uwezekano huo. Njia hii inaitwa Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa kamari huko Monaco. Ilizaliwa Marekani mwaka 1946, mwanahisabati Stanislaw Ulam alipokuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa, akicheza karata peke yake na kujiuliza ana nafasi gani ya kushinda. Yeye na mwanahisabati mwenzake John von Neumann wakaipeleka kwenye hesabu za nyutroni.

Programu inayotumika zaidi leo ni Geant4, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1998. Hospitali nazo huitumia kukadiria dozi ya mionzi. Mtafiti huielezea kigunduzi chote: fuwele, nyaya, nguzo, mabomba ya kupoozea. Ukisahau bomba moja, fotoni za kweli zitakuwa zinageukia pale huku zako zikipita salama, na hesabu yako itakuwa na kosa usilolijua. Kwangu hapa ndipo penye uzito wa kazi yote.

Faida yake kubwa ni kujua umekosa nini. Mvuvi anayevuta wavu hawezi kukadiria samaki walioko kama hajui ni wangapi hupenya matundu. Chembe ya Higgs, ambayo ugunduzi wake ulitangazwa CERN tarehe 4 Julai 2012, huvunjika kuwa fotoni mbili takribani mara 2 tu katika 1,000, na si zote zinanaswa. Sehemu inayonaswa hukadiriwa kwa uigaji.

Gharama yake ni muda. Mgongano unaopita kufumba na kufumbua unaweza kuichukua kompyuta dakika kadhaa, hivyo siku hizi mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, hufundishwa kukisia manyunyu bila kufuata kila chembe.

Na uigaji wenyewe unapimwa kwa nini? Kwa kitu kilichokwisha kujulikana. Chembe Z, mojawapo ya chembe za nguvu hafifu ya nyuklia, ina tungamo la GeV 91.19 (GeV ni kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hukitumia pia kwa tungamo), lililopimwa kwa makini sana CERN katika miaka ya 1990. Mtafiti hukusanya Z zilizovunjika kuwa elektroni mbili, huchora grafu ya data na ya uigaji pamoja, kisha hutazama vilele viwili. Visipolingana, hutafuta chanzo: pengine fuwele zimefifia kwa mionzi, na data inahitaji kurekebishwa; pengine kuna kitu ndani ya kigunduzi ambacho hakikuandikwa kwenye uigaji.