Social Security Si Kibubu Chako

Kila msimu wa kodi, kati ya Januari na Aprili, huwajazia fomu Waswahili wenzangu tunaoishi huku Marekani, na kila msimu hurudi sentensi ileile, iwe kwa lafudhi ya Goma, Mombasa au Tabora: "Siku nikiamua kurudi nyumbani, nitachukua pesa yangu yote ya Social Security kwa mkupuo." Hapana. Hutaichukua. Social Security ni mpango wa serikali ya Marekani wa pensheni unaolipiwa kwa kodi ya mishahara, na hakuna mahali pesa hiyo ilipowekwa ikiwa imeandikwa jina lako.

Najua dhana hii inatoka wapi. NPF ya Tanzania na NSSF ya Kenya, zote za miaka ya 1960, zilianza kama mifuko ya akiba: unakatwa, mwajiri anaongeza, ukifika umri unalipwa chako pamoja na riba. Aliyelelewa na hesabu hiyo akiona asilimia 6.2 inakatwa kwenye mshahara, na mwajiri analipa 6.2 nyingine, anaona kibubu kinajaa.

Sheria aliyoitia saini Rais Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935 haikufanya hivyo. Iliweka kodi upande mmoja na ahadi ya mafao upande wa pili. Kodi inayokatwa leo ndiyo inayowalipa wastaafu wa leo. Ikibaki ziada, inanunua hati fungani za serikali. Mtazame Ida May Fuller wa Vermont, mtu wa kwanza kulipwa pensheni ya kila mwezi. Alikuwa amekatwa dola 24.75 tu. Hundi yake ya kwanza, Januari 1940, ilikuwa ya dola 22.54. Ingekuwa anakula akiba yake, asingeimaliza hundi ya pili. Bibi huyo aliishi hadi 1975, akafikisha miaka 100, na alikuwa amepokea zaidi ya dola 22,000.

Mambo hayaendi upande mmoja, lakini. Ephram Nestor, Mbulgaria aliyehamia Marekani mwaka 1913, alilipa kodi hiyo miaka 19 na kuanza kupokea mafao mwaka 1955. Mwaka uliofuata akafukuzwa nchini kwa kuwa katika miaka ya 1930 aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na mafao yakasimamishwa. Alishitaki. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ikasema mlipaji hayamiliki mafao hayo kama mali yake, na Bunge lina uwezo wa kubadili masharti. Na Bunge limeyabadili: mageuzi ya 1983 yaliusogeza umri wa mafao kamili kutoka 65, taratibu, hadi 67 kwa aliyezaliwa 1960 au baadaye. Mtu hasogezewi umri wa kuchukua akiba yake mwenyewe namna hiyo.

Kwa hiyo swali la maana si "nina kiasi gani mle ndani", bali "nimetimiza masharti?" Unahitaji pointi 40, na kwa mwaka hupati zaidi ya nne, yaani ni miaka kumi ya kazi iliyolipiwa kodi. Mwaka 2025 pointi moja ilitaka mapato ya dola 1,810. Ukiondoka na pointi 36, hupati pensheni na hurudishiwi senti. Marekani ina mikataba ya kuunganisha miaka ya kazi na nchi kadhaa, nyingi za Ulaya. Kenya na Tanzania hazimo. Ukitimiza 40, mafao yanapigwa kwa wastani wa miaka yako 35 ya mapato makubwa zaidi. Ukiwa na miaka 12 tu, ile 23 iliyobaki inaingia kama sifuri.

Hapa ndipo madereva wanaponimalizia subira, wa malori na wa teksi za kwenye simu. Aliyejiajiri hulipa pande zote mbili, asilimia 12.4 peke yake, kwa hiyo anataka nimwandikie gharama mpaka faida ibaki kiduchu. Gharama za kweli naandika zote, ni haki yako. Za kubuni siandiki. Mbali na kosa la kisheria, kaka, unajikata miguu: faida ndogo leo ni pensheni ndogo kesho, na ukilemaa kesho kutwa ni fao dogo la ulemavu. Fungua akaunti kwenye tovuti ya Social Security, usome rekodi ya mapato yako mwaka kwa mwaka, na usahihishe makosa mapema. Nawaambia wote, wanaofanya ni wachache.

Zipo dhana nyingine ninazozisikia. "Ni ya wazee tu." Hapana. Mageuzi ya 1939 yaliziingiza familia za waliokufa, na ya 1956 wenye ulemavu. Mama aliyefiwa na mume mwenye pointi za kutosha aulize haki za watoto mara moja. Watoto hulipwa hadi miaka 18, au 19 wakiwa bado sekondari.

"Itakauka kabla hatujafika." Kinachotarajiwa kwisha katika miaka ya 2030 ni hati fungani za ziada. Kodi za mishahara zitaendelea kuingia, na zinakadiriwa kutosha kulipa zaidi ya robo tatu ya mafao hata Bunge likikaa kimya.

"Ilikuwa ya kila mfanyakazi tangu mwanzo." Sheria ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na hao, hasa Kusini, wengi walikuwa Weusi. Wengi wao waliingizwa kwa mageuzi ya 1950 na 1954. Dada zangu mnaotunza wazee majumbani na kupokea pesa taslimu bila maandishi, mnajirudisha wenyewe kwenye hali ya 1935.

"SSI ya mama ni ya maisha." SSI si pensheni, ni msaada kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, na sheria ya 1996 iliwabana wageni. Mkimbizi aliwekewa kikomo cha miaka mitano ya kupokea, asipokuwa raia. Mwaka uliofuata ikawa saba. Ombi la uraia kwa kawaida linafunguka miaka mitano baada ya kufika, kwa hiyo mnabaki na miaka miwili hivi, na foleni zipo. Msingoje barua ya kusimamishwa. Kama mama hawezi kujifunza Kiingereza kwa sababu ya ugonjwa, daktari ajaze N-648, fomu ya kuomba asamehewe mtihani wa Kiingereza, iende pamoja na fomu ya uraia, na aeleze ugonjwa unavyozuia kujifunza. Kuandika "ni mzee" hakutoshi. Na akisafiri kwenda kusalimia Bukavu au Kigoma, arudi kabla ya siku 30 mfululizo nje ya nchi hazijatimia, la sivyo malipo yanasimama mpaka akae tena siku 30 mfululizo ndani ya Marekani.