Jeraha la moto shingoni: kidonda kufunga si kupona
Maswali na majibu kuhusu kupandikiza ngozi ya shingo na uso

Kupandikiza ngozi ni nini?

Ni kuchukua ngozi isiyoungua ya mgonjwa mwenyewe na kuiweka juu ya kidonda kilichosafishwa, ishike na kuota hapo. Ziko aina 2. Ya kwanza ni nyembamba, chini ya nusu milimita, na mara nyingi hutolewa pajani. Hufunika eneo kubwa na paja hupona lenyewe ndani ya wiki 2 hivi, lakini ngozi hiyo husinyaa baadaye. Ya pili ni nene, yenye tabaka zote, kutoka nyuma ya sikio, juu ya mtulinga au kwenye kinena. Hii husinyaa kidogo, na ikitoka karibu na uso rangi yake hukaribiana na ya uso, ila ilikotoka lazima pashonwe, kwa hiyo kinachopatikana ni kipande kidogo. Ndiyo maana nene huwekwa kwenye kope, pua na mdomo, na nyembamba hutumika shingo yote ikiwa imeungua.

Mtoto alimwagikiwa uji shingoni mwezi uliopita. Kidonda kinafunga chenyewe. Bado aende hospitali?

Aende, na aende leo. Jeraha lililoingia ndani halina tena mizizi ya kuotesha ngozi mpya. Linafunga hasa kwa njia moja: kingo zake zinavutana, kama mdomo wa gunia unaokazwa kamba. Mbele ya shingo ngozi ni laini na hakuna cha kuzuia mvuto huo, basi kidevu kinashuka kuelekea kifuani, kidogo kidogo, huku mzazi akifurahi kwamba kidonda kinapungua.

Jeraha la moto la shingo au uso ambalo halijafunga ndani ya wiki 3 linahitaji kuonwa na daktari wa upasuaji. Wiki 3, si miezi 3. Na kama tangu mwanzo ngozi ni nyeupe au ngumu kama ngozi ya kiatu, na mtoto hasikii ukiigusa, hizo wiki 3 usizingoje.

Lakini sasa hana maumivu wala usaha, na anacheza na wenzake.

Kovu linavuta bila kuuma. Mwambie afumbe mdomo kisha atazame dari. Akishindwa, au mdomo wa chini ukivutwa na kufunguka, kovu limeshaanza kazi yake. Likiachwa, mate yatamtoka, meno ya chini yatasukumwa mbele na taya litakua vibaya. Siku atakapohitaji upasuaji wowote, mtaalamu wa usingizi atapata shida kubwa kupitisha mpira wa hewa kooni, kwa sababu shingo haikunjuki. Hiyo ni hatari ya kifo, na ilizuilika.

Tulimpaka dawa ya meno, majivu na ute wa yai. Kuna ubaya?

Upo, na tunaomba sana jambo hili likome. Vitu hivyo huingiza vijidudu na kuficha kina cha jeraha, halafu inabidi visuguliwe na kuondolewa, maumivu juu ya maumivu. Mtu akiungua, vua nguo na mkufu kabla shingo haijavimba, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Maji yanasaidia hata kama zimepita saa 2 au 3. Barafu usiweke. Aliyeungua uso kwa moto, sauti ikikwaruza au akiwa na masizi puani, apelekwe hospitali mara moja, maana koo linaweza kuvimba na kuziba.

Tunamwekea mto ili alale vizuri.

Uondoeni. Mkao unaompunguzia mtoto maumivu, kidevu kimeinama, ndio mkao ambao kovu litamgandisha nao. Alale chali bila mto, na kanga iliyokunjwa iwekwe chini ya mabega ili shingo inyooke. Atalia siku za mwanzo. Mbembelezeni, lakini mto msiurudishe.

Ndugu anaweza kumtolea ngozi?

Hapana, isipokuwa pacha wa kufanana kabisa. Ngozi ya mtu mwingine hufunika kidonda kwa muda tu, kisha mwili huikataa.

Kwa nini baada ya upasuaji hamfungui bendeji tuone?

Siku 2 za kwanza ngozi iliyopandikizwa haipati damu kwa mshipa hata mmoja. Inaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda kilicho chini yake. Kuanzia siku ya 3 mishipa midogo huanza kuungana, na kufikia siku ya 5 hadi ya 7 inakuwa imeshika. Ikisogezwa kidogo tu, mishipa inakatika. Bonge la damu likikaa katikati, ngozi inakufa palepale. Shingo inasogea kila mtu anapogeuka, anapotafuna, anapokohoa, ndiyo maana tunashonea pamba nzito juu yake na kumpa mgonjwa chakula laini. Msifungue, msiloweshe, msichungulie. Ila kukiwa na harufu mbaya, homa au damu inayolowanisha bendeji, rudini siku hiyohiyo.

Anayevuta sigara aache kabla ya upasuaji, kwa sababu sigara hubana mishipa ileile inayotakiwa kuungana.

Ngozi imeshika. Tumemaliza?

Bado, na hapa ndipo wengi wanapotupotea. Kola ya shingo ivaliwe usiku na mchana, ivuliwe tu wakati wa kuoga na mazoezi, kwa miezi 6 au zaidi. Pakeni mafuta ya mgando na kukanda kovu mara 2 au 3 kwa siku, kila mara dakika 5 hivi, huku shingo ikinyooshwa. Juani avae kofia pana, la sivyo ngozi hiyo itakuwa nyeusi kuliko uso. Kola ikiachwa kabatini mwezi wa pili, shingo inarudi kifuani na upasuaji unaanza upya.

Tumeambiwa tusubiri mtoto akue kwanza.

Msisubiri. Mifupa ya uso inakua kila siku, na kovu linaivuta kila siku. Hata shingo iliyokwisha kuganda hukatwa, ikanyooshwa na kuwekewa ngozi. Kila mwaka unaopita hufanya kazi hiyo kuwa kubwa zaidi. Huenda akahitaji kurudiwa anapokua, kwa kuwa kovu halikui sawa na mwili. Na kama kope limevutwa na jicho halifumbi akilala, hiyo ni dharura: kioo cha jicho kinakauka na kupata vidonda, na mtoto anaweza kupofuka. Mpakeni mafuta ya macho ya hospitali usiku huo, na asubuhi muwe njiani.